Gavana na Mto Uliohama

Pale Kibiti kila fundi ana sifa yake. Yupo anayesifiwa kwa uaminifu, yupo anayesifiwa kwa kuchelewa, na yupo Bushiri, ambaye watu walikuwa wakiapa kwamba neno "sijui" halijatoka kinywani mwake tangu alipoota meno. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, atatazama juu, atavuta pumzi, atakutajia siku. Mvua isiponyesha, kosa ni la mvua.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa injini kubwa za dizeli Bushiri alikuwa fundi kwelikweli. Watu walimfuata kutoka Ikwiriri mpaka Mtunda, na wengine walivuka maji kumletea vyuma vilivyowashinda mafundi wa mjini. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, kitambi kidogo cha heshima, ugane wa miaka mitatu, na jambo moja tu lililomkosesha usingizi, nalo ni Bi Shamsia wa Salale.

Bi Shamsia alikuwa mjane, naye ndiye aliyesimamia mtambo wa barafu wa kikundi cha akina mama kule deltani. Kule wavuvi wanaweza kukosa vingi wakavumilia, lakini kamba asipopata barafu hana subira na mtu. Bushiri ndiye aliyeifunga injini ya mtambo ule miaka minne nyuma, kila mmoja akiwa bado na mwenzake. Akafunga, akaaga, akarudi Kibiti, na hakukanyaga tena Salale.

Hakukanyaga, lakini mwaka huu alikuwa ametuma posa mara tatu. Zote zilikwenda kwa mdomo wa Swalehe, mtoto wa shangazi yake, mtu mwenye maneno mengi kuliko meno. Posa ya kwanza ilirudi na jibu: "Nimesikia." Ya pili ikarudi: "Nimesikia tena." Ya tatu ndiyo iliyokuwa na nyama kidogo: "Mwambie fundi, siku gavana ya mtambo wangu itakapotulia, ndiyo siku nitakayompa jibu lake."

"Sasa si uende mwenyewe?" Swalehe alimuuliza. "Mwanamke mzima, si mwali wa kufichwa ndani."

"Mposaji haendi kujitembeza mlangoni," Bushiri akasema kwa sauti ya mtu anayelinda mila. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Kukataliwa kwa mdomo wa Swalehe kungemuuma, lakini kukataliwa na Shamsia uso kwa uso kungemmaliza.

Basi gavana ikaletwa Kibiti kwa boti na bodaboda, imefungwa ndani ya kiroba cha mchele. Asiyeijua gavana asione haya. Hata Swalehe alidhani ni mashine ya kusaga nyama. Ni kasha la chuma linalokaa ubavuni mwa injini, na kazi yake ni moja: kuhakikisha injini haiendi mbio wala haichoki. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka na injini. Injini ikikimbia, vinapanuka, ikilegea, vinajikunja. Hivyo vyuma ndivyo macho ya gavana. Lakini macho hayabebi mzigo. Fimbo inayoongeza na kupunguza dizeli kwenye injini kubwa ni nzito, vyuma vile haviiwezi. Mkono unaoisukuma ni mafuta ya gavana yenyewe, tena mafuta yenye presha, na presha hiyo inatoka kwa pampu ndogo ya gia iliyo chini kabisa ya kasha.

Pampu hiyo ndiyo iliyokuwa imekufa. Gia zake zilikuwa zimelika mpaka meno yamekuwa kama ya mzee mla miwa. Bushiri akatafuta nyingine Dar, akaipata, akaisafisha. Likabaki jambo moja. Pampu ya aina ile inafungwa kwa kufuata injini inazungukia upande gani. Ukiifunga kinyume, inanyonya inapotakiwa kusukuma na kusukuma inapotakiwa kunyonya. Kwa hiyo akampigia simu Bi Shamsia.

"Gurudumu kubwa la injini linazungukia wapi?"

"Kwa juu linaelekea mtoni," Shamsia akajibu.

Deltani ndivyo wanavyosema. Huko huambiwi kushoto wala kulia, maana mtumbwi ukigeuka, kushoto kumekuwa kulia. Utaambiwa mtoni au bara, na mwenye akili atajua. Bushiri alifumba macho, akaliona lile banda la mtambo kama alivyoliacha: amesimama nyuma ya gurudumu, mlango mbele, na mto mkono wa kushoto. Kuelekea mtoni, basi, ni kushoto. Akafunga pampu kwa kushoto, akaipaka kila bolti tone la rangi nyekundu, kama ilivyo desturi yake, ili ajue zikiguswa.

"Nikueleze zaidi, fundi?" Shamsia alikuwa ameuliza kabla ya kukata simu.

"Haina haja. Mimi na mtambo huo tunajuana."

Gavana ikarudi Salale. Shamsia akaifunga mwenyewe, maana mikono anayo. Siku hiyohiyo simu ikaita.

"Fundi, gavana yako imegoma kazi. Nikiushika mkono wa dizeli, injini inaunguruma. Nikiuachia, inakata roho."

"Tia mafuta."

"Nimetia."

"Basi ni hewa. Itatoka yenyewe."

Siku ya tatu hewa haikutoka. Siku ya tano Bushiri akasema ni baridi ya asubuhi, jambo ambalo mtu wa Rufiji hawezi kulisema bila kujishika mbavu. Siku ya nane Shamsia hakubishana tena.

"Wiki ijayo msimu wa kamba unafunguliwa," akasema. "Njoo."

Basi Bushiri akavaa kanzu juu ya suruali ya kazi, ili awe tayari kwa lolote, akabeba boksi la spana, akamchukua Swalehe, wakashuka Nyamisati. Hapo wakamkuta nahodha mmoja aitwaye Huseni, mwenye boti ya injini, anasubiri maji yajae. Maji yalipojaa wakaingia kwenye vijito vya mikoko. Bushiri akakaa wima katikati ya boti, amelikumbatia boksi lake.

Walipokaribia, Huseni akakata kona kuelekea ukingo wa kulia.

"Nahodha, umepotea," Bushiri akasema. "Mtambo wa barafu uko ule upande wa kushoto."

Huseni akamtazama kwa huruma. "Ulikuwa, fundi. Mafuriko ya mwaka juzi, mto uliula ule ukingo wote, ukachukua na minazi. Mtambo, msikiti, nyumba, vyote vimehamia ng'ambo hii. Kwani wewe hukusikia?"

"Nilisikia," Bushiri akasema haraka, kwa mazoea. Hakuwa amesikia.

Akamgeukia Swalehe kwa kunong'ona. "Umekuja hapa mara tatu! Mbona hukuniambia?"

"Ulinituma posa, mwana wa mjomba. Hukunituma habari za mto." Swalehe akafungua mdomo wake wenye mapengo, akacheka mpaka boti ikayumba.

Banda la mtambo lilikuwa jipya, la miti ya mikoko na mabati. Ndani injini ilikuwa inaunguruma, na kando yake, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Bi Shamsia. Mkono wa kulia ameshika mkono wa dizeli wa injini, macho kwenye mshale wa saa ya mwendo, mkono wa kushoto ana kikombe cha chai. Alikuwa kama Bushiri alivyomkumbuka, ila nywele za mbele zilizochungulia kwenye kanga zilikuwa zimeanza kuwa na mvi, na zilimpendeza.

"Karibuni sana," akasema. "Mtanisamehe, siwezi kuinuka. Siku hizi gavana ni mie."

Hakuwa anatania. Mashine ya barafu ilipoanza kuvuta, injini ikalegea, naye akausukuma mkono. Mashine ilipoachia, injini ikaruka mbio, naye akauvuta. Sukuma, vuta, bila kumwaga chai. Mara mbili kwa siku, saa mbili mbili, kwa siku nane. Alipobadili mkono Bushiri akaona kiganja chake cha kulia: malengelenge matatu, moja limepasuka. Bushiri akaona haya, haya ya kweli, mpaka akasahau maneno ya salamu aliyoyapanga tangu Kibiti.

Akaivua kanzu, akapiga magoti. Akaomba injini ishushwe mwendo, kisha akafungua kizibo kidogo ubavuni mwa gavana, pale ambapo pampu ikiwa nzima mafuta hutoka kwa nguvu. Hayakutoka. Akaweka kidole kwenye tundu. Kidole kikavutwa ndani.

Akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Kikavutwa tena.

"Kimekupenda," Swalehe akasema.

Pampu isiyo na nguvu haisukumi wala hainyonyi. Hii ilikuwa na nguvu zake zote, ila ilikuwa inanyonya mahali ilipotakiwa kusukuma. Akainuka taratibu, akaenda akasimama nyuma ya gurudumu kubwa. Kwa juu lilikuwa linaelekea mtoni, kama Shamsia alivyosema. Akatazama mto. Mto ulikuwa mkono wa kulia. Akainua mkono wa kushoto, akaushusha. Akainua wa kulia.

"Unaswali ama unapima?" Swalehe akauliza.

"Umeona nini, fundi?" akauliza Shamsia.

"Ngoja kwanza nifungue," Bushiri akasema, na sauti yake haikuwa ile ya Kibiti.

Injini ikazimwa. Akaishusha gavana, akamwaga mafuta yake kwenye beseni, akaipindua. Rangi nyekundu kwenye bolti nne za pampu ilikuwa imepasuka. Akasema moyoni kwamba hiyo ni misukosuko ya boti, maana hata katika dhiki Bushiri hakosi jibu. Akazifungua. Gia mbili zikalala mbele yake, safi, zinang'aa, jino ndani ya pengo.

"Hivi haya mafuta," Swalehe akauliza, akiinama, "yanapita hapa katikati, meno yanapokutana?"

"Hapana," Bushiri akasema. "Hapo katikati ndipo yasipopita. Yanapita..."

"Yanapita pembeni," Shamsia akamalizia. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa beseni. "Gia moja inaendeshwa na injini, nayo inamzungusha mwenzake. Kila pengo la jino linachota mafuta kidogo, linayazungusha kwa kuambaa ukuta, huyu kwa huku, yule kwa kule. Yakifika upande wa pili meno yanakutana, mapengo yanajaa, mafuta hayana njia ya kurudi. Yanasukumwa mbele, yapende yasipende. Ya ziada yanakaa akiba kwenye vile vikombe viwili vyenye springi, kwa ajili ya mzigo wa ghafla. Si hivyo, fundi?"

"Ni hivyo hasa," akasema Bushiri kwa mshangao.

"Kumbe ni kama posa yako," Swalehe akasema. "Mara tatu imezunguka pembeni."

"Ila mafuta yakizunguka hufika," Shamsia akasema, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Bushiri akakishika kile kikasha cha pampu. Ilitosha kukigeuza nusu mzunguko, tundu la kunyonyea likae mahali pa lile la kusukumia, afunge bolti nne, anyamaze. Swalehe asingejua. Kisha angesema uchafu ulikuwa umeziba, na uchafu haujawahi kumwaibisha fundi yeyote duniani. Angebaki Bushiri yuleyule, na jibu lake angelidai leo hii, gavana imetulia kama walivyoagana. Maneno yalikuwa tayari ulimini.

Akakitazama kile kiganja chenye malengelenge, kimetulia juu ya goti.

"Kosa ni langu," akasema. "Pampu haina ubaya. Nimeifunga kinyume. Uliniambia linaelekea mtoni, nami nikaukumbuka mto wa miaka minne nyuma. Sikujua kama umehama. Ukataka kunieleza, nikakata simu." Akakiweka kikasha chini. "Siku nane umeshika mkono huo kwa sababu ya kiburi changu. Nisamehe, Bi Shamsia."

Swalehe akageuza uso, akajifanya anahesabu mabati.

Shamsia akanyoosha kidole kwenye bolti zilizolala juu ya kitambaa. "Hiyo rangi yako, imepasukaje?"

"Boti ilit..." Bushiri akaanza. Akaichukua bolti moja, akaitazama vizuri. Boti haiachi alama ya spana. "Ulifungua wewe."

"Ijumaa. Nilitia kidole kwenye tundu, kikanyonywa kama chako. Nikafungua, nikaona imekaa kinyume. Nikafunga kama nilivyoikuta."

"Kwa nini hukuigeuza? Ni bolti nne tu! Leo Jumatatu, siku tatu umejiumiza bure!"

"Ningeigeuza," Shamsia akauliza, "ungekuja?"

Bushiri alikuwa na jibu la mvua, la hewa, la baridi ya Rufiji. La swali hili hakuwa nalo. Akainamisha kichwa.

"Posa tatu umenitumia, fundi, na zote nilizipokea kwa heshima. Mguu hukutuma hata mmoja. Mto umekula nyumba yangu, nimehamisha vyungu na kuku kwa mtumbwi, na mtu anayesema ananitaka hajui hata niko ukingo gani. Nikasema, huyu nikimjibu kwa mshenga, atanioa kwa simu."

Maneno yalimchoma, na yalimchoma kwa sababu hapakuwa na la uongo. Akakigeuza kikasha nusu mzunguko, akafunga bolti, akampa Shamsia spana aikaze ya mwisho. Hakuwahi kumpa mtu spana yake. Wakaijaza mafuta, wakairudisha gavana ubavuni mwa injini, wakawasha. Akafungua kile kizibo kidogo tena, na mafuta yakaruka yakampata kifuani, yakaichafua fulana nyeupe aliyoivalia siku hii. Swalehe akapiga makofi: "Hongera, umepakwa mafuta kabla ya ndoa!"

Shamsia alikuwa ameshika mkono wa dizeli. Akaulegeza kidogo. Haukuanguka. Akauachia kidole kimoja kimoja, mpaka kiganja kikabaki hewani, na ule mkono wa chuma ukakaa peke yake, ukitetema. Kisha mashine ya barafu ikavuta. Injini ikalegea kidogo, na bila mtu kuigusa, fimbo ikajisogeza, ikaongeza dizeli inayotosha, injini ikarudi kwenye mwendo wake. Mashine ikaachia, fimbo ikarudi. Kiganja cha Shamsia bado kilikuwa hewani, kikisukuma na kuvuta kwa mazoea ya siku nane. Alipokiona mwenyewe, akacheka.

Wakakaa wote watatu wakiisikiliza injini, mpaka mashine ilipovuta na kuachia mara tano. Bushiri hakulidai jibu lake. Aliona hana uso wa kulidai. Akaanza kupanga spana kwenye boksi, moja moja, akizifuta polepole kuliko zilivyohitaji.

"Swalehe," Shamsia akasema.

"Naam, shemeji," akajibu Swalehe, mtu asiyejua kungoja.

"Posa usije ukaniletea tena. Ya nne siitaki."

Spana ikamponyoka Bushiri, ikaanguka ndani ya beseni.

"Siitaki kwa kuwa mwenyewe amekuja," Shamsia akaendelea, akijifunga kanga yake vizuri, "na mwenye maneno ni kaka yangu Mustapha. Ndiye walii wangu, na tangu asubuhi nimemwambia asiende shamba. Fundi, nyumba ya kaka yangu unaijua?"

Bushiri alijua nyumba ya Mustapha. Alikula hapo wali na samaki siku nne alipokuwa akifunga injini: nyumba ya tatu kutoka msikitini, mlango wa buluu, mkorosho ubavuni. Akafungua kinywa aseme, na kifua chake kikaanza kujaa ule ujuzi wake wa siku zote. Akakifunga. Akatazama nje ya banda, kwenye njia ya mchanga asiyowahi kuipita, na nyumba mpya asizozijua hata moja.

"Sijui," akasema. "Nionyeshe."

Swalehe alishika kichwa kwa mikono miwili, akatoka nje kumwita Huseni aje kuwa shahidi. Shamsia akamwokotea Bushiri kanzu yake, akaikung'uta vumbi, akampa aivae juu ya fulana yenye mafuta. Kisha akatangulia, naye akamfuata, mto ukiwa mkono wao wa kulia.